Ndege Iliyotoweka Qingshi

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Inspekta Mu Changhe alisimama mbele yake, mikono mgongoni, kama mtu aliyefika msibani na kukuta maiti imeshatolewa. Hadi jana, mle ndani mlikuwa na mfano wa ndege ya kivita, wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Wiki hiyo majenerali wangekuja kutoka Beijing kuutazama, kabla ndege yenyewe haijapaa mbele yao.

Mu aliijua vizuri fahari ya Kiwanda cha Qingshi. Baba yake alipigilia humo ribiti, misumari ya kuunga mabati, maisha yake yote, enzi ambazo ndege ziliundwa kwa michoro ya Warusi na jasho la Wachina. Sasa michoro ilikuwa ya wenyewe, na kwa mara ya kwanza injini nayo ilikuwa ya wenyewe. Umbo la ndege hiyo lilikuwa siri. Mtu ambaye angeupima mfano ule kwa utulivu angejua jinsi ndege inavyoikwepa rada.

"Mwizi tunaye," alisema Gong Dezhi, mkuu wa ulinzi wa kiwanda, mtu mwenye shingo nene na suti iliyonyooshwa vikali. "Kabati lina funguo mbili. Mmoja ni wa Mhandisi Luo Suqin, naibu mkuu wa usanifu. Yuko likizo ya kufagia makaburi, na ufunguo wake alinikabidhi kabla hajaondoka. Wa pili anao mhandisi kijana, Zhan Yubo. Na Zhan ana shangazi Kanada. Unataka nini zaidi?"

"Nautaka mfano."

"Jioni watu wa usalama wa taifa wanakuja kumchukua. Watamkamua, atasema."

Mu aliitazama saa yake. Alijua kwamba Zhan akishaingia kwenye gari lao, faili la polisi litafungwa. Hata akija kuonekana hana hatia, hatagusa tena ndege maishani mwake. Jioni haikuwa mbali.

Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wamemaliza. Kufuli halikuvunjwa. Alama zilikuwa za wawili tu, Zhan na Luo, jambo lisilomsaidia mtu. Mu aliinama kwenye rafu ya chini. Palikuwa na kitambaa chekundu cha hariri, kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Kilifunika mfano," alisema Gong. "Ni cha uzinduzi."

"Na juu ya meza hii? Naona vumbi limeacha alama ya pembe nne."

"Kitambaa cheupe cha meza. Sijui kimekwenda wapi. Inspekta, tumeibiwa ndege, wewe unauliza vitambaa vya meza!"

Mu aliagiza aletewe Zhan.

Alikuwa kijana mwembamba, miwani imekaa upande, pingu mikononi. Sajenti Qiao, msaidizi wa Mu, alimvutia kiti.

"Ulifunga kabati lini?" aliuliza Mu.

"Jana, kengele ya kutoka ilipolia."

"Mfano ulikuwemo?"

"Ulikuwemo, afande. Niliuaga kabisa."

"Ulitoka na nini?"

"Boksi la matufaha. Kila mtu alipewa lake, zawadi ya sikukuu."

"Walinzi walilifungua?"

"Boksi la kiwanda? Wangefungua mangapi? Nao walikuwa na yao kwapani."

Qiao aliguna. Mu alimtupia jicho, akaendelea.

"Shangazi yako?"

"Anauza mikate ya mvuke Toronto, afande. Anazijua ndege za abiria tu, na hata hizo anazilalamikia chakula."

"Unacheka?"

"Nikiacha kucheka nitalia, afande. Nina mke mjamzito."

Mu alitoka kwenda ukumbini kuvuta sigara. Jambo moja lilimkera. Jasusi angepiga picha na kuliacha kabati kama lilivyokuwa. Aliyebeba mfano wenyewe aliutaka mfano wenyewe. Na aliutaka jana, siku moja kabla ya Qingming, sikukuu ambayo mji mzima huenda kusafisha makaburi ya watu wake.

Qiao alikuwa dirishani, simu sikioni, akibishana na mama yake.

"Mama, nipo kazini! ... Nikitoka nakuja makaburini moja kwa moja. ... Hili hili koti nililovaa. ... Jekundu, ndiyo, si ulininunulia wewe? ... Basi, basi, nitalivua! Babu hatakuja kunitoa macho."

Alikata simu. "Mzee Mu, nisaidie. Nitembee na baridi hii bila koti, eti kwa kuwa babu aliyekufa hapendi jekundu!"

Mu aliizima sigara ambayo hata hakuivuta.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hatuendi kaburini na kitu chekundu."

"Hilo hata mtoto analijua. Jekundu ni la harusi, la msiba ni jeupe."

"Mwizi ana kitambaa cha kufungia mbele yake, tayari kimeufunika mfano. Anakitoa. Anakikunja kwa adabu. Kisha anakwenda kuvua meza kitambaa cheupe." Mu alimtazama. "Qiao, ndege yetu imekwenda kwa marehemu."

Alirudi chumbani kwa Zhan kwa hatua ndefu. "Nani alikufa katika mradi huu?"

Zhan alitazama mlango. Gong alikuwa amesimama pale.

"Nijibu mimi, si yeye."

"Rubani Bai Tingfeng," alisema Zhan polepole. "Ndege ya kwanza kabisa, ilipojaribiwa na injini yetu. Ripoti ilisema kosa ni la rubani. Hapa hatumtaji, afande."

"Nani alikuwa naye kwenye redio?"

"Mhandisi Luo."

"Upuuzi!" Gong alifoka. "Luo nimekwambia ufunguo wake ninao!"

"Kaa nao," alisema Mu. "Qiao, leta gari."

Mlima wa makaburi ulikuwa umejaa watu na moshi wa karatasi zilizochomwa. Bai hakuzikwa kwenye viwanja vya mashujaa, penye nguzo za marumaru. Walimkuta nyuma, katikati ya wachuuzi na makuli, chini ya jiwe dogo.

Mwanamke mwenye mvi, koti la kijivu, alikuwa amechuchumaa akipangusa jiwe. Mbele yake palikuwa na kikombe cha pombe ya mtama, mayai ya kuchemsha, na juu ya kitambaa cheupe, ndege ile. Ilikuwa nyeusi, bapa, nzuri ajabu. Alikuwa ameielekeza pua yake kwenye jina la marehemu.

"Mmechelewa," alisema Luo Suqin bila kugeuka. "Niliwatarajia tangu asubuhi. Pombe imepoa."

"Dada Luo, unajua Zhan yuko kizuizini?"

Mwanamke alisimama kwa ghafla hata kikombe kikapinduka. "Zhan? Kwa nini Zhan? Ufunguo wangu niliuacha!"

"Ulimkabidhi Gong kabla ya likizo."

"Sikumkabidhi mtu! Niliuweka mezani kwake jana, baada ya kulifunga boksi. Niliuacha juu ya kitambulisho changu, ili hata kipofu ajue ni mimi."

Mu na Qiao walitazamana.

"Habari ya kitambulisho hakuniambia," alisema Mu. Alitoa simu, akampigia mkuu wake wa kituo, akasema maneno machache makali. Zhan alifunguliwa pingu kabla gari la jioni halijafika.

Kituoni, Luo hakutaka chai. Qiao aliwasha kamera. Mu aliweka karatasi mezani na kisahani cha wino wa kidole gumba.

Mlango ukagongwa. Gong aliingia, shati limelowa shingoni. Alimvuta Mu pembeni.

"Mfano umepatikana, mshukiwa amepatikana. Andika kwamba alichanganyikiwa. Mama wa watu, amechoka, kazi nyingi. Yaishie hapo."

"Na kitambulisho ulichokificha?"

"Nilikuwa katibu wa tume ya ajali, Mu. Luo akikamatwa ataulizwa sababu. Unajua akieleza nini kitatokea? Injini ile ndiyo inayorusha ndege zetu leo!"

"Kijana ana mke mjamzito, Gong."

"Kijana mmoja!"

"Qiao, mpeleke bwana huyu chumba cha pili. Naye achukuliwe maelezo. Kuficha ushahidi."

Gong alitolewa akipiga kelele za vyeo. Mu alifunga mlango, akakaa.

"Mhandisi Luo Suqin. Ulichukua mfano?"

"Nilichukua."

"Uliutoaje?"

"Kwenye boksi la matufaha. Matufaha nimeyamwaga kwenye droo zangu. Mtayakuta."

"Ulikusudia kumpa mtu?"

"Aliyelala pale mlimani. Mwingine hapana."

"Sababu ya kutenda kosa?"

Luo aliisogelea meza. Mu aliona kwamba swali hilo ndilo alilokuwa akilisubiri.

"Nimeandika malalamiko hadi mkono umechoka. Kila mara nimejibiwa kwamba suala lilikwisha. Nikawaza: polisi wakinikamata, sheria inawalazimisha kuniuliza sababu, na jibu linawekwa kwenye faili linalokwenda kwa mwendesha mashtaka, si kwa kiwanda. Ndiyo maana nimeiba. Na pia kwa kuwa nilitaka aione."

"Sema."

"Injini ilishika moto. Bai hakukosea hata kidogo. Nilimwambia aruke na mwavuli. Alikataa. Kama angeruka, vipimo vingepotea pamoja na ndege, na injini ya Kichina ingezikwa siku ile. Mtambo wa kurekodi ulikuwa umeshaungua. Akawa anasoma saa za vipimo vya ndege kwa mdomo, moja baada ya nyingine, joto, mgandamizo, joto, na mimi naandika. Kutokana na namba zile tuliijua kasoro na tukaitengeneza. Kisha tume ikasema injini haikuwa na kasoro, kwa hiyo lazima kosa liwe la rubani. Nikawekewa karatasi mbele." Alikitazama kisahani cha wino. "Nikasaini. Niliogopa mradi usije ukafungwa. Tumejenga jeshi la anga la kisasa juu ya mgongo wa mtu, halafu tukamwita mzembe."

Kutoka chumba cha pili, sauti ya Gong ilisikika, sasa ikiwa ya chini.

"Utafungwa, Dada Luo," alisema Mu. "Siwezi kulipunguza hilo."

"Sikuombi upunguze. Nakuomba usipunguze neno."

Mu aliichukua kalamu. Alifikiria mkuu wa kituo, simu zitakazopigwa kutoka juu, pensheni yake iliyokaribia. Akavuta karatasi nyingine, maana moja isingetosha.

"Maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi?"

Luo alifumba macho, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Alisema, 'Dada Luo, joto limepita mwisho wa saa, sindano haisogei tena. Umeandika?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimeandika."

Mu aliinama juu ya karatasi, akaandika.