Chanjo Katika Nyumba ya Eda

Badriya alikuwa amekaa eda. Mumewe Matar, mchuuzi wa chumvi, alikufa kwa ndui akiwa safarini Rufiji, akazikwa huko huko. Kila asubuhi wanawake wa Mtoni walikuja kumpa pole. Walileta uji, wakakaa mkekani, wakazungumza naye.

Siku moja mpiga mbiu akapita. "Chanjo ya ndui sokoni! Bure!"

Badriya akamtazama mwanawe Muhsin, aliyekuwa akitambaa. "Mama, mtoto achanjwe."

Mkwewe, Bi Somoe, akatikisa kichwa. "Nani ampeleke? Wewe hutoki. Na wachanjaji ni wanaume watupu. Nani kati yetu atafunua mkono sokoni? Tena sindano yenyewe inatia homa. Tumeshapoteza mmoja."

"Ndiyo maana, mama. Sitaki kupoteza wa pili."

Akamgeukia jirani yake Bahiya. "Shoga, hebu nenda kawaulize. Hawana mchanjaji mwanamke?"

Kesho yake mlango ukabishwa. "Hodi! Mie Kokuberwa, nesi."

"Mhaya huyo," Bi Somoe akanong'ona. "Kiswahili chake kinanuka ndizi."

"Shikamoo bibi, nimekusikia. Ndizi nitakuletea. Leo nimeleta chanjo."

Mkeka mzima ukacheka. Bi Somoe naye akacheka. "Marahaba. Haya, na hiyo homa?"

"Homa kidogo huja, kisha huondoka. Mkononi patatoka lengelenge. Litakauka, na kigaga kitaanguka chenyewe. Hapo chanjo imeshika, mwili umejua kupigana na ndui. Msikune, wala msipake majivu."

Badriya akanyoosha mkono. "Anza na mie."

Kisha akampakata Muhsin. Mtoto akalia, akanyonya, akanyamaza. Bi Somoe akafuata, na wanawake wote wakafuata, kila mmoja na watoto wake.

Muhsin alipata homa kweli. Badriya alimnyonyesha. Homa ikashuka. Lengelenge likatoka. Kokuberwa alirudi kulitazama, akapiga kigelegele. "Imeshika!"

Mwezi uliofuata ndui ikaingia Mtoni. Nyumba kadhaa zilitengwa. Lakini wote waliochanjwa kwenye mkeka ule walikuwa wazima. Muhsin alianza kusimama, akishika ukuta.

Eda ilipokwisha, Badriya alitoka na Kokuberwa, wakaenda nyumba za wanawake wasiofika sokoni. Yeye ndiye aliyebisha.

"Hodi jamani! Fungueni, ni sie wanawake tu."

Na milango ikafunguliwa, mmoja baada ya mwingine.