Maziwa ya Fundi Betri

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, kazi yangu ni kuwasha jiko, kuchemsha maziwa na kumpelekea kaka glasi yake. Kaka ni fundi betri. Kutwa nzima hupasua betri chakavu za magari, akatoa madini ya risasi yaliyomo na kuyayeyusha. Mafundi wenzake wote wanaamini kwamba maziwa huondoa vumbi la risasi mwilini. Kwa hiyo maziwa yote ya nyumba yetu huishia tumboni mwake. Mimi na wifi, mke wa kaka, tunakunywa chai ya rangi. Nikilalamika wananicheka. Hata jina nimepewa: Pilipili.

Siku moja ya likizo wifi alikuwa uani akifua ovaroli ya kaka. Maji ya beseni yalikuwa meusi ti. Shangazi yetu, dada wa baba, aliingia bila hodi.

"Umekalia kufua tu?" alimwambia. "Mimba mbili zimeharibika. Wenzako walioolewa nyuma yako wanalea. Nitamwambia mwanangu akurudishe kwenu."

Wifi aliinamisha uso, akaendelea kufikicha ile nguo huku machozi yakimdondoka. Hasira zilinipanda.

"Shangazi, mbona kaka humuulizi?"

"Na mdomo huo, wewe utaolewa na nani?" alinijibu, akaondoka zake.

Jioni nilimfuata kaka mlangoni, alikokuwa akivuta sigara. "Kaka, kesho wifi anakwenda zahanati kuuliza kwa nini mimba zinaharibika. Nenda naye."

Alicheka. "Mimi nikapange foleni na kina mama? Kwani naumwa?"

"Kwani yeye anaumwa? Maziwa unakunywa wewe, nguo anafua yeye, na maneno ya shangazi anayameza yeye. Hiyo ni haki gani?"

Kaka aliacha kucheka. Kesho yake tulikwenda wote watatu.

Muuguzi alitukaribisha vizuri mpaka aliposikia kazi ya kaka. Hapo aliweka kalamu chini.

"Nguo zako za kazi anafua nani?"

"Mke wangu."

"Kwa mikono?"

"Ndiyo. Lakini mimi nakunywa maziwa kila siku," kaka alisema kwa fahari.

"Maziwa hayaondoi risasi, baba," muuguzi alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Vumbi hilo linadhuru mbegu za mwanamume. Likimwingia mwanamke, linaweza kuharibu mimba. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililoharibu zile mbili, lakini unalileta nyumbani na mkeo analifikicha kwa mikono yake."

Walitolewa damu, ikapelekwa kupimwa hospitali kubwa. Majibu yalipotoka, wote wawili walikutwa na risasi, na ya kaka ilikuwa nyingi zaidi. Wifi alikuwa pia na upungufu wa damu. Muuguzi alimpa vidonge vya kuongeza damu na vya foliki asidi, vitamini inayomsaidia mtoto mimba ikitungwa, akamwambia ale maharage na mboga za majani, na wasitafute mimba mpaka kiwango cha risasi kishuke. Kaka alitakiwa kuacha sigara, na kuoga na kubadili nguo kazini kabla ya kurudi.

Kaka alitii. Aliomba kuhamia upande wa kuchaji betri, na ovaroli haikuvuka tena mlango wetu. Kuacha sigara kulimtesa kweli. Alikuwa mkali kama mimi, lakini hakuirudia.

Shangazi alipokuja tena na maneno yake yaleyale, kaka alimkatiza.

"Shangazi, damu yangu ina risasi nyingi kuliko yake, na mimi ndiye niliyeileta humu ndani. Ukitaka kumrudisha mtu kwao, basi nirudishe mimi."

Shangazi alikaa kwenye mkeka. Kaka akanigeukia. "Na wewe Pilipili usikie, maana utakua. Wanaotaka mtoto wanatayarisha afya zao kabla ya mimba, baba na mama, wote wawili. Sisi tulimwachia mmoja, halafu tukamlaumu."

"Nisamehe, mwanangu," shangazi alimwambia wifi.

Wifi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nimekusamehe, shangazi. Lakini ulinionea, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kosa ni langu."