Manjano Kwenye Rejeta

"Zima kiyoyozi. Washa hita."

"Hita? Kissa, joto lote hili la Julai niwashe hita?"

"Washa mpaka mwisho, halafu tafuta pa kuegesha. Mshale umeshaingia kwenye nyekundu."

Joachim akawasha. Hewa ya moto ikawapiga usoni wakatoa jasho kama wako jikoni, lakini Kissa alijua anachofanya. Hita inanyonya joto la injini. Hayo aliyasoma kwa baba yake, marehemu sasa, aliyekuwa fundi magari Tukuyu. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume, akawafundisha spana binti zake wawili, Kissa na mdogo wake Joyness, ambaye sasa yuko masomoni Yiwu, mji mwingine wa China, na watu wakacheka mpaka wakachoka.

Gari lilikuwa limebeba maboksi ya nguo za watoto kutoka viwanda vya mtaa wa Kangle, jijini Guangzhou, China, yanakwenda ghala la wakala wa usafirishaji kule Huangpu, mwisho wa kupokea mizigo saa kumi na moja jioni. Lakini si mzigo uliojaa moyoni mwa Kissa. Jumapili iliyopita, kanisani kwao Tukuyu, ndoa yake na Joachim ilitangazwa mara ya pili. Bado tangazo moja tu, Jumapili hii, halafu pete. Miaka minne ya mapenzi ya simu, yeye Mbeya na mwenzake huku Guangzhou akihangaika na mizigo ya watu, ilikuwa inafika mwisho, na sasa alikuwa amekuja kumtembelea kabla ya harusi. Dada wa watu alikuwa akicheka peke yake barabarani kama kaokota kitu.

Waliegesha mbele ya duka la matairi. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti fuu! Joachim akachukua tambara, mbio kwenye kifuniko cha rejeta. Kissa akampiga kofi mkononi.

"Unataka uso wako uive? Likipoa ndiyo tunafungua."

"Samahani, fundi wangu. Nikikuoa sitajua njia ya gereji tena."

"Lilianza kuchemsha lini?"

"Leo tu."

"Joachim."

"Basi, mwezi hivi. Si nilikuwa naongeza maji tu."

Mwenye duka, mzee wa Kichina mwenye kandambili, aliwaletea vigoda viwili na ndoo. Joachim akamshukuru kwa Kichina, "Xiexie, laoban!" yaani asante, bosi. Wakakaa kusubiri. Kissa akaegemeza kichwa begani kwa mchumba wake.

"Joyness amekutafuta? Mwezi mzima ananijibu neno moja moja."

"Shemeji? Tangu Februari sijamtia machoni. Yiwu na hapa ni mbali, mpenzi. Shule imembana."

Baada ya nusu saa Kissa akajitosa chini ya gari. Wota pampu kavu, haivuji. Akafuata alama ya maji mpaka kwenye mpira wa chini wa rejeta. Umepasuka pale klipu inapobana. Akachomoa kijiti cha oili: safi, haijachanganyika na maji. Gasketi imepona.

"Mpira tu," alisema. "Nitakata hapa palipooza, nibane na klipu mpya. Kamwombe laoban."

Joachim akaenda dukani. Kissa akazungusha kifuniko taratibu, akiwa amekifunika kwa tambara. Akachungulia, akakunja uso. Maji yalikuwa ya njano, mazito, na harufu ilikuwa ya mchuzi. Uzi ulikuwa umening'inia shingoni mwa rejeta. Akauvuta. Kikatoka kifurushi kidogo cha kitambaa, ndani yake manjano ya mboga, kimefungwa mafundo mawili na kitanzi.

Kilikuwa kifundo cha baba yake. Madereva wengine wanamwaga manjano hovyo kwenye rejeta ili yazibe tundu. Mzee yeye aliyafunga kwenye kitambaa yatoke kidogo kidogo, na akionya kwamba ni dawa ya siku moja tu, ya kumfikisha mtu gereji. Ikiachwa inaziba kila kitu. Kifundo kile walikijua watu watatu duniani, na mmoja alikuwa kaburini.

Halafu akakitazama kitambaa chenyewe. Bluu yenye maua meupe, sare ya harusi yake. Kipande kama kile alimtumia Joyness mwezi wa nne, achague mshono. Kikulacho ki nguoni mwako. Kissa akakaa kwenye ndoo.

Joachim akarudi na klipu mkononi, anatabasamu.

"Nani kaweka manjano humu?" Kissa aliuliza, kifurushi kakificha kiganjani.

"Manjano? Aa, hiyo... Nililipeleka kwa fundi mmoja, Mchina, kule karibu na stesheni ya Liuhua."

"Fundi Mchina."

"Ndiyo. Mzuri sana yule."

"Mchina akaziba rejeta kwa manjano ya mboga?"

"Wana mambo yao hawa, mpenzi."

Kissa akainuka kwenye ndoo. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Dada! Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Samahani nakusumbua. Niko barabarani na gari la Joachim, linachemsha. Nataka kusafisha rejeta. Hebu niambie, manjano ulitia vijiko vingapi?"

"Viwili tu, dada, kama baba alivyo..."

Sauti ikakatika.

"Asante," Kissa akasema. Akakata.

Klipu ilimdondoka Joachim, ikabingirika mpaka kwenye kandambili za mzee. Mzee akaiokota, akawatazama usoni, akaiweka juu ya betri na kurudi zake ndani.

"Kissa. Sikiliza. Ni shetani tu."

"Shetani hajui kufunga kifundo cha baba yangu."

"Alikuja kunisaidia kutafsiri kwa wateja. Anajua Kichina kuliko mimi. Ikatokea, Kissa! Sikupanga."

"Ilitokea mara moja?"

Joachim akayatazama matairi ya duka.

"Nimekuuliza."

"Tangu mwezi wa tano."

"Kwa hiyo tangazo la kwanza linasomwa, mama yangu anapiga vigelegele, mdogo wangu yuko kwako anakupikia mchuzi."

"Imeisha! Nakuapia imeisha. Nakupenda wewe."

Kissa alitaka kupiga kelele, hakuweza. Akaokota kisu, akaanza kukata mpira palipopasuka.

"Unafanya nini?" Joachim alimuuliza kwa woga.

"Natengeneza gari. Baba hakuwahi kuacha gari la mtu limefunguliwa."

Alitengeneza kweli, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Akakata, akabana klipu, akamimina maji na kuyatoa mpaka yakaacha unjano. Akajaza kulanti ya laoban, maji ya kupozea injini, akaliacha gari lingurume kifuniko kikiwa wazi, akiuminya mpira wa juu hewa itoke. Feni ikaanza kuzunguka. Mshale ukasimama katikati.

Ujumbe wa Joyness ukaingia: *Dada nisamehe. Kila nilipotaka kukwambia nilishindwa. Yiwu niliondoka mwezi wa tano. Nipige basi, utukane, ila usininyamazie.*

Kissa akairudisha simu mfukoni.

Walifika Huangpu saa kumi na nusu. Maboksi yakashushwa. Joachim akamshika mkono, Kissa akautoa taratibu na kutembea hadi kwenye ukuta wa ghala. Kwao Tukuyu ilikuwa bado asubuhi. Akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, bibi harusi! Niko hapa na wenzangu tunajaribu sare. Zimetupenda!"

"Mama, mwambie mchungaji Jumapili asitutangaze."

Vicheko vya wanawake vikafifia. Mlango ukafungwa. Mama alikuwa amejitenga nao. Kissa akasubiri swali, na swali halikuja.

"Mama. Mbona huulizi kwa nini?"

"Mwanangu, ndoa ni uvumilivu..."

"Ulijua."

"Kissa..."

"Mama, ulijua!"

"Joyness alinipigia wiki mbili zilizopita. Alilia mpaka nikaogopa atajidhuru. Nikamwambia anyamaze kwanza, harusi ipite. Nilikuwa nawalinda wote wawili. Mimi ni mama, ningefanyaje?"

Kissa akachuchumaa palepale ukutani. Sasa alilia kwa sauti, na wapakizi wakageuka kumtazama. Mchumba, angempata mwingine. Mdogo wake, labda siku moja angemsamehe. Lakini mama alimpigia vigelegele tangazo la pili akiwa anajua.

"Usilie, mwanangu. Rudi nyumbani tuzungumze. Ila kanisani watauliza. Ukishazuia ndoa lazima mwenye pingamizi atajwe. Nakupigia magoti, usimtaje mdogo wako. Mji huu utamla mzimamzima."

"Sitamtaja."

"Sasa nimwambie mchungaji pingamizi ni la nani?"

"La kwangu."

"Wewe? Bibi harusi mwenyewe?"

"Mimi, mama. Mwambie aandike jina langu lote, na la baba."