Kumi na Saba Siyo Q

"Umebakiza jaribio moja, dada. Ukikosea tena, mlango haufunguki mpaka kesho."

Sauti ya Fundi, mtaalamu wa kompyuta wa idara, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Nyuki, jasusi wa miaka sita kazini, alikuwa amenaswa ndani ya chumba cha baridi cha ghala la dawa. Aliingia kwa kumnyemelea mlinzi. Mlinzi akatoka, mlango ukajifunga kwa kufuli la vitufe vya herufi.

Glock ilikuwa kiunoni. Haikumsaidia kitu. Mlango wa chuma hauogopi bastola.

Kupitia kidirisha aliliona lori. Makuli walikuwa wakipakia maboksi ya mwisho. Chupa elfu kumi zenye lebo ya dawa ya kisukari, na ndani yake maji matupu. Saa nne kamili lingeondoka kwenda hospitalini. Watu wangejidunga maji, tena kwa shukrani.

Saa nne kasoro dakika tano.

"Soma tena ujumbe tulionasa," alisema, meno yakigongana.

"Neno la mlango, leo: 18, 20, 11, 1, 17, 9. A ni moja, B ni mbili, na kuendelea. Programu yangu inatoa RTKAQI."

"Hilo ni neno au mtu anapiga chafya?"

"Usinichekeshe."

"Nimeliandika, limekataa. Nimeligeuza kinyumenyume, limekataa."

Nyuki alipulizia viganja vyake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Fundi, nitajie neno moja la Kiswahili lenye Q."

"Hakuna."

"Na mkubwa wa genge hili, kabla ya magendo alifanya kazi gani?"

"Alifundisha darasa la kwanza. Ndiyo maana wanamwita Mwalimu." Fundi akasita. "Lo."

"Kompyuta yako ina herufi ishirini na sita. Ubao wake ulikuwa na ishirini na nne. Toa Q, toa X, hesabu upya."

Vitufe vya kompyuta vililia haraka haraka redioni.

"Kumi na saba ni R. Kumi na nane ni S." Sauti ya Fundi ikashuka. "Dada, ni SUKARI."

Nyuki aliuma midomo. Kumbe walikuwa wakiwacheka wagonjwa.

Alibonyeza kwa kifundo cha kidole, herufi moja moja. Taa nyekundu ilibaki vile vile. Sekunde moja. Mbili.

Kijani.

Joto la uani lilimpiga usoni. Lori lilishaanza kunguruma, Mwalimu kando ya dereva. Nyuki akarukia kikanyagio cha mlangoni, akapenyeza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

Injini ikafa.

Mwalimu aliutazama mdomo wa bastola, kisha mlango uliokuwa wazi.

"Nani amekupa neno?"

"Umeandika mwenyewe, Mwalimu. Teremka taratibu."

Polisi walioitwa na Fundi walipowatia pingu Mwalimu na dereva, Nyuki aliinua redio.

"Lori haliendi popote. Waambie hospitali wasipokee chochote leo."

"Na wewe?"

"Nina baridi."

Akawapita makuli waliopigwa na butwaa, mikono mfukoni, akitafuta upande wa barabara wenye jua.