Sufuria ya Wageni wa Jumapili

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Mama alifunika cherehani yake kwa kitambaa cheupe ikageuka meza ya chakula. Siku nyingine zote sebule ile ilikuwa karakana: vipande vya vitambaa sakafuni, sketi za wateja zikining'inia mlangoni, na pini kwenye kochi, ole wako ukae bila kuangalia. Lakini Jumapili ilikuwa siku ya wageni, na kazi ya kuokota pini ilikuwa ya binti yake. Huyu alikuwa darasa la sita, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Leo wanakuja akina nani, Mama?"

"Yule kinyozi mpya, mkewe na mtoto wao. Wamehamia juzijuzi tu, hata jiko hawana. Niliwaalika Jumapili iliyopita mbele ya kanisa zima, kwa hiyo usiniangushe. Ibada ikiisha, mimi na baba yako tuna kikao cha kwaya. Wewe wahi nyumbani upashe moto wali na mchuzi. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu. Na usionjeonje."

Kanisani, mwalimu wa watoto aliwafundisha juu ya kupokea wageni. Alisema mtu mwenye njaa akibisha mlangoni kwako, mpokee kama ambavyo ungempokea Bwana Yesu mwenyewe. Chiriku alirudi nyumbani maneno hayo yakimzunguka kichwani.

Mbele ya nyumba yao bomba kubwa la maji lilikuwa limepasuka, na mafundi walikuwa wakichimba tangu alfajiri. Chiriku alipopasha mchuzi, harufu ilitoka dirishani ikawafuata hukohuko shimoni. Haukupita muda mrefu, mlango ukagongwa. Alisimama mzee mmoja aliyejaa matope hadi magotini.

"Hodi, binti. Tunaomba maji ya kunywa."

"Karibu, babu. Mmekula lakini?"

Mzee akacheka. "Tule saa ngapi, mjukuu wangu? Tangu alfajiri tumo shimoni."

Chiriku akapigwa na butwaa. Mwenye njaa, mlangoni, siku ileile aliyofundishwa! Akampakulia sahani, nyama juu. Mzee akala amesimama asije akachafua kochi, akashukuru, akamwombea baraka, kisha akarudi kazini akijipangusa mdomo. Sasa mtu aliyeshiba atajificha wapi? Akaja wa pili, akaja wa tatu, wakaja na wengine. Chiriku hakuona namna ya kumnyima huyu ilhali mwenzake ameshakula. Aliendelea kupakua mpaka mwiko ukagonga chini ya sufuria. Yeye mwenyewe hakuonja hata punje, akakaa kuwasubiri wazazi wake wamsifu.

Waliporudi, Mama alikwenda moja kwa moja jikoni. Akafunua sufuria.

"Chiriku. Chakula kiko wapi?"

Chiriku akaeleza yote kwa furaha, bila kuruka hata fundi mmoja. Alipomaliza, Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, machozi yakimlengalenga.

"Lakini Mama, mwalimu alisema mwenye njaa akija..."

"Mke wa kinyozi ameniambia leo kanisani kwamba mtoto wake amekataa chai ya asubuhi," Mama alisema taratibu. "Anasema anatunza tumbo kwa ajili ya chakula cha kwetu."

Chiriku akaitazama sufuria tupu. Baba yake, seremala asiyependa maneno mengi, alichungulia dirishani.

"Ndio hao wanakuja," alisema. "Mtoto yuko mbele, anaruka kama kuku aliyefunguliwa."

"Nenda ukawapokee," Mama akamwambia Chiriku. "Na habari hii uwape wewe. Mimi uso wa kuwaangalia sina."

Chiriku alikwenda mlangoni akiwa amechanganyikiwa kabisa. Kama alifanya vema, mbona Mama analia? Kama alifanya vibaya, mbona yule mzee alimwombea baraka? Msichana ambaye hajawahi kukosa neno alikosa pa kuanzia. Mwishowe akasema tu kwamba chakula kilikuwepo, na kwamba yeye ndiye aliyekigawa chote kwa wachimbaji.

Kinyozi akamtazama mkewe. Mtoto akauliza, "Kwa hiyo hakuna wali?"

Kisha mke wa kinyozi akavua viatu, akapita sebuleni hadi jikoni, akamkuta Mama palepale kwenye kigoda.

"Dada, kumebaki nini?"

"Mchele kidogo, vitunguu na mayai machache. Lakini wewe ni mgeni, nenda ukae. Nitajua la kufanya."

"Sijashika mwiko tangu tuhamie. Nimekaa vya kutosha," alisema, akikunja mikono ya gauni lake. "Na nikwambie ukweli, nilikuwa naogopa kuja. Nilijiona nimeshakalishwa kwenye kochi kama picha ya ukutani."

Mama akacheka huku akijifuta macho. Basi wakapika wote. Kinyozi alipewa vitunguu, akavikata vipande vyembamba mno huku machozi yakimtiririka, na Baba akamwambia kitunguu hakihitaji kunyolewa. Nyumba ikajaa vicheko. Chiriku akazidi kuchanganyikiwa, akamvuta Mama pembeni.

"Kwa hiyo nilifanya vizuri au vibaya?"

"Tule kwanza."

Wali ulikuwa kidogo, na kila mtu alipata yai moja. Mtoto wa kinyozi alilimaliza lake kabla Chiriku hajakaa sawasawa, kisha akaanza kuliangalia la Chiriku. Chiriku akageuka upande wa pili. Njaa ilikuwa inamkata, kwani alikuwa amelisha kikosi kizima bila yeye kutia kitu mdomoni. Alipogeuka tena, macho ya mtoto yalikuwa palepale. Akalisukuma yai mpaka ukingoni mwa sahani, akalirudisha, akalisukuma tena. Mwishowe akalihamishia kwenye sahani ya mtoto, haraka, asije akabadili mawazo.

Wageni walipoondoka, Mama na binti yake waliosha vyombo pamoja.

"Wali wa wachimbaji, ulikuuma kuutoa?" Mama aliuliza.

"Hapana. Nilifurahi."

"Na yai?"

"Yai limeniuma sana."

"Kwa sababu yai lilikuwa lako. Ule wali ulikuwa wa yule mtoto, mwanangu. Nilikuwa nimeshampa kwa kinywa changu mbele ya kanisa zima. Ulichukua cha huyu ukampa yule, ukapata baraka za bure."

"Sasa ningewafukuza wale?"

"Ungewapa maji, ungewapa sahani yako, kisha ungekimbia kanisani kuniambia. Kikao kingesubiri." Mama akaendelea kusugua. "Nami nina kosa langu. Tangu alfajiri watu wanachimba dirishani pangu, nikawapita na viatu vyangu vya kanisani bila hata kuwasalimu. Wewe uliwaona, na kwa hilo sikulaumu. Bwana Yesu anatutaka tuwapokee wote, wa shimoni na wa kwenye kochi. Ila mgeni mpe kilicho chako, na uliyemwahidi usimnyang'anye."

Chiriku alijaribu kuyapanga maneno yale kichwani. Nusu yake aliyaelewa palepale. Nusu iliyobaki, tumbo lake lilimfafanulia mpaka jioni.