Nesi Alisema Imekaa, Mimi Nikasema Imeondoka

Nilisukuma mlango wa bafu nikamkuta mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, amesimama mbele ya choo. Alikuwa anabonyeza vidonge kutoka kwenye pakiti, kimoja baada ya kingine, anavidondosha majini.

Hakushtuka.

"Funga mlango, mwanangu. Upepo unaingia."

Nikafunga, nikiwa ndani.

Ndugu msomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, nina mke na pacha wanaokaribia kumaliza sekondari. Lakini asubuhi ile nilisimama bafuni kwangu kama mwanafunzi aliyekutwa na majibu mfukoni.

Vidonge vile nilivijua. Vidogo, vyeupe, vina mstari katikati. Nilikuwa navificha ndani ya kikasha cha miwani, na niliamini nyumba nzima hakuna aliyejua.

Nikajisemea, nimepatikana... Ili unielewe, lazima nirudi nyuma miezi mitano.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni namba. Kwa miaka kumi na tisa nimewapimia watu viwanja vyao, na sijawahi kusogeza jiwe la mpaka hata kwa upana wa kidole. Tatizo ni kwamba tangu niwe mkuu wa ofisi, nilikuwa natembea kwa kidole tu, juu ya ramani. Nilikaa kutwa nzima, nikala vya kukaanga, nikarudi kwa gari.

Siku moja manesi walikuja ofisini kupima wafanyakazi presha. Yule aliyenifunga kile kitambaa mkononi alisoma mara mbili.

"Mia na sabini na nane kwa mia na kumi," alisema. "Mzee, umefikaje hapa?"

"Kwa ngazi."

"Basi shukuru ngazi hazijakuangusha."

Nikapelekwa kliniki, nikaandikiwa dawa. Nesi wa pale akanipa na masharti. Nipunguze chumvi. Nitembee nusu saa kila siku. Nilale mapema. Dawa nimeze kila siku, hata nikijisikia mzima, na nirudi kila mwezi.

Nilitii. Mimi nikipewa utaratibu, naufuata. Baada ya mwezi nilirudi, akapima, akatabasamu.

"Mia na ishirini na nne kwa themanini. Presha yako imekaa sawa. Endelea hivyohivyo."

Neno lilikuwa hilo. Imekaa.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikiwa na nia njema kabisa. Nilitaka kumshukuru Mungu, kumtaja nesi, kutaja dawa, kutaja kutembea. Lakini dada aliyenitangulia alikuwa ametoa ushuhuda mzito, kanisa lilikuwa limechemka, na kipaza sauti kilipofika mkononi mwangu, maneno ya kliniki niliyaona yamepoa sana.

Nikasema, "Nilikuwa na mia na sabini na nane. Leo nina mia na ishirini na nne. Presha imeondoka."

Kanisa lilisimama. Kinanda kikalia. Kina mama wakanizunguka kwa vifijo.

Nami niliyekuwa sijasogeza jiwe la mpaka maisha yangu yote, nikawa nimelisogeza kwa neno moja.

Jioni ileile video ilikuwa kwenye kundi la kanisa. Jumatatu mchungaji akanipa uongozi wa kikundi cha kuombea wagonjwa. Jumatano dereva wa ofisini akanisalimia, "Shikamoo, Mzee Imeondoka."

Jina likanasa. Na mimi nikanasa pamoja nalo.

Ningemeza dawa mbele ya nani? Nilimeza bafuni, nimefungulia bomba ili pakiti isisikike. Kliniki sikurudi, kwa sababu anayeandikisha wagonjwa pale mlangoni ni mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza. Nikawa nanunua vidonge vichache duka la dawa la mbali, na vilipoanza kupungua, nikawa namega nusu.

Nilipotoka kutembea, jirani aliniuliza, "Unafukuza nini tena, Mzee Imeondoka? Si umeshapona?" Nikaacha kutembea. Nilipoalikwa chakula, mwenyeji alinisogezea kichupa cha chumvi. "Nyunyiza, mtumishi. Wewe huna masharti." Nikanyunyiza, huku watu wanne wananitazama wakitabasamu.

Kichwa kilianza kuniuma kila asubuhi. Nilikuwa nikiwawekea wagonjwa mikono, huku mapigo ya moyo wangu nayasikia masikioni. Kila nilipopanga kusema ukweli, mtu alisimama na kusema imani yake imejengwa na ushuhuda wangu.

Sasa turudi bafuni.

"Mama," nilisema, "nani amekuonyesha?"

"Kunionyesha nini?"

"Hizo dawa zangu."

Akanitazama kwa mshangao.

"Zako zipi? Hizi ni zangu. Za moyo."

Akabonyeza kingine, kikadondoka majini.

"Leo ni siku ya kumi na mbili tangu niziache," aliendelea. Alipumzika katikati ya sentensi kama mtu anayepanda mlima. "Nilikuwa nimezitunza... kwa uoga tu. Asubuhi hii nimesikiliza tena ushuhuda wako kwenye simu. Nikasema, mimi ndiye niliyemzaa. Nitashindwaje... kuamini anachoamini?"

Ndipo nikamtazama mama yangu kwa mara ya kwanza wiki ile. Miguu ilikuwa imevimba hadi mikanda ya ndara imezama kwenye nyama. Siku tano mfululizo alikuwa analala kwenye kiti, akidai godoro limechoka.

Nami nilikuwa nimekwenda kumnunulia godoro jipya.

"Mama, vaa, twende hospitali. Sasa hivi."

"Nikafanye nini? Nikamwaibishe Mungu?"

"Mama, mimi sikupona."

"Usitamke hivyo."

"Nasema kweli."

"Huyo ni adui anakutia maneno mdomoni. Mkemee."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojua kina cha shimo nililochimba. Ukweli wangu wenyewe ulikuwa umegeuka majaribu ya shetani. Mama yangu alikuwa anaishiwa pumzi mbele yangu, na uongo wangu ulikuwa na sauti kubwa kuliko mimi.

Nikachomoa kikasha cha miwani kutoka juu ya kabati la bafuni; vidonge vyangu vilikuwamo, havijaguswa. Nikatoa kidonge, nikakinga maji ya bomba kwa kiganja, nikameza huku ananitazama.

"Hiki ni cha leo," nilisema. "Jana nilimeza nusu. Namezea humu bafuni tangu Jumapili ile."

Mama akakaa taratibu juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Sasa nesi alisemaje?"

"Alisema imekaa sawa."

"Na wewe ukasema imeondoka."

"Ndiyo, mama."

"Kinachokaa si bado kipo?"

"Kipo, mama."

Akatikisa kichwa. "Nimekusomesha mpaka chuo, ukashindwa neno moja la Kiswahili. Nipe mkono... niinuke."

Hospitalini daktari alisema maji yamejaa kwenye mapafu na moyo umeelemewa. Mama alilazwa siku tisa. Siku mbili za mwanzo aliwekewa oksijeni, na mimi nilikaa kando ya kitanda bila kuthubutu kumwombea kwa sauti. Siku ya tatu alifumbua macho.

"Mbona umenyamaza? Omba. Nesi amalize kazi yake, na wewe ufanye yako."

Jumapili ilipofika, nilikwenda kanisani na mke wangu. Nikaomba kipaza sauti. Nilipofika mbele, mtu mmoja alishangilia kwa jina langu, "Imeondoka!"

"Haikuondoka," nilisema.

Nikaeleza yote. Namba, dawa, neno la nesi, bafu, chumvi, miguu ya mama yangu.

Mchungaji alisimama, akachukua kipaza sauti. Nilijua naondolewa kwenye uongozi.

Hakunitazama. Aliwatazama watu.

"Nilipaswa kumuuliza anameza dawa gani kabla sijampa kikundi. Sikuuliza, na kosa hilo ni langu," alisema. "Sasa nawauliza ninyi. Nani mwingine aliacha dawa zake baada ya ushuhuda ule? Inua mkono. Hakuna atakayechekwa hapa."

Hakuna aliyejitikisa. Kisha mkono mmoja ukapanda, polepole, kwenye benchi la pili.

Nilikuwa nimeshika mkono huohuo dakika kumi kabla.

Ulikuwa wa mke wangu.

Baada yake ikapanda mingine tisa. Mimi niliona mmoja tu.

Kwenye gari nilishindwa kuwasha injini.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Walitupima presha kazini, yangu ikawa juu. Nilimeza wiki mbili, nikaacha."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aligeukia dirishani.

"Ningekuambiaje, Baba Pacha? Nani anataka kuwa mgonjwa pekee ndani ya nyumba ya Mzee Imeondoka?"

Mimi nilikuwa najificha bafuni na dawa. Yeye alikuwa jikoni, bila dawa, akiwa na maumivu yaleyale ya kichwa, akiona haya kwamba imani yake ni ndogo kuliko yangu.

Tulikwenda kliniki pamoja siku iliyofuata. Yule mwimbaji wa sauti ya kwanza alituandika wote wawili bila kuinua kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi naanza tena dawa leo. Mchungaji ametuambia tusiogope."

Siku hizi tunatembea jioni, mke wangu na mimi. Mama naye huenda hadi kwenye geti na kurudi, akituhesabia hatua na kutucheka. Chumvi haikai mezani. Saa moja asubuhi tunaomba, kisha kila mmoja anameza chake mbele ya mwenzake.

Je, Mungu aliniponya? Ananiponya kila asubuhi, na kidonge kipo katika mkono wake. Aliyenifundisha kukionea aibu kidonge hicho si Mungu. Ni mimi mwenyewe, kwa kupenda kushangiliwa.

Kama una dawa uliyoiacha kwa sababu ya ushuhuda wa mtu, mpigie daktari wako leo. Na kama wewe ndiye uliyeutoa, kaurekebishe palepale ulipousemea.

Usiniandikie "amina" hapa chini. Kapime kwanza. Kisha rudi uniandikie namba yako, kama ilivyo.