Ukuta wa Babu Ergash

— Dada, inuka hapo sakafuni!

— Siinuki. Tangu leo kupiga picha ni ruhusa. Husikilizi redio?

Mimi Robiya, mama wa kofia nyekundu ninayeashiria treni ziondoke kwenye kituo chetu cha chini ya ardhi, hapa Tashkenti, nilishusha kibao changu nikasogea karibu. Umbea mtamu kama huu haunipiti.

Aliyelala chali kwenye marumaru, kamera usoni, ni Zebiniso. Aliyemsimamia na sare ya polisi ni Farruh. Walipopendana nilikuwepo, na walipoachana nilikuwepo.

— Sogea, unaniharibia mwanga! Nimengoja treni iondoke, upepo utulie, kuba lote libaki peke yake na taa zake. Mara unakuja na viatu vyako, kwa, kwa, kwa!

— Ungeniambia tu.

— Wewe unaambilika?

Jamani! Ngoja niwape kisa. Miaka mingi ilikuwa marufuku kupiga picha humu. Miaka miwili nyuma, Zebiniso alimleta babu yake, mzee Ergash, aliyepanga kwa mikono yake vigae vya buluu vya ukuta ule pale, zamani alipokuwa kijana. Akampiga picha moja ya siri. Mkuu wa Farruh akaona. Farruh, huku jasho linamtoka, akanyoosha mkono: "Filamu." Binti akampa filamu, akampa na kwaheri.

— Babu miguu imegoma, Zebiniso alisema akijipangusa. Hawezi tena kushuka ngazi hizi. Kila siku ananiuliza, ukuta wangu ungalipo? Na picha yake moja tu mkaiharibu.

Farruh alifungua mdomo, simu ya binti ikalia kwa ujumbe wa mama yake. Binti akausoma kwa sauti ya hasira:

"Washenga wamekaa. Mkate uko mezani. Uko wapi wewe mtoto?"

— Washenga? Farruh aliuliza.

— Ndiyo. Babu kawaita bila kuniuliza. Jina la muoaji sikutaka hata kulisikia. Nakwenda kuwakataa. Mkate hautamegwa!

Kwetu mkate ukimegwa, uchumba umefungwa. Kijana mwenyewe siku hiyo haendi, wazazi ndio humsemea.

— Wape hata chai kwanza, Farruh alisema.

— Inakuhusu nini?

Nikashindwa kuvumilia, maana siri ya mfuko wake nilikuwa naijua.

— We Farruh! Mpe mtoto wa watu kitu chake, ama niseme mimi!

Akatoa leso mfukoni. Ndani yake mlikuwa na mkebe mdogo wa filamu. Zebiniso aliutambua kwa alama yake ya rangi ya kucha, akaunyakua.

— Mkuu aliniamuru niiharibu, Farruh alisema. Niliyoivuta mwangani mbele yake ni nyingine, niliinunua dukani.

— Miaka miwili, Farruh! Mbona hukuniambia?

— Nilikutumia ujumbe kumi na saba. Umenifungia namba.

— Ungekuja nyumbani!

— Nilikuja. Ukanimwagia maji ya kuoshea mchele.

Hapo nilicheka mpaka kofia ikadondoka. Simu ikalia tena, mama yake. Binti akaipokea, akafungua spika.

— Mama, huyo muoaji ni nani?

— Leo ndiyo unauliza? Mama yake huyu hapa! Anasema mwanawe yuko kazini chini ya ardhi, na anaomba safari hii asimwagiwe maji!

Kituo kizima kilisikia. Zebiniso akageuka polepole.

— Wewe?

— Mimi. Wiki iliyopita babu yako alinifungulia mlango, nikamweleza yote. Akasema usiambiwe, ukisikia jina langu utatoroka na kamera yako.

— Nasema nakwenda kuwakataa wazazi wako, nawe unaniambia niwape chai!

— Ningesema nini, Zebi? Nilikuwa nakufa.

Binti akalia, akacheka, akampiga ngumi ya kifua.

— Nakupenda, mjinga wewe! Mama, mwambie Babu amege mkate. Kipande changu mniwekee, nakuja!

Alipokwenda kuisafisha filamu, picha ilitoka safi. Mzee Ergash kasimama mbele ya vigae vyake, na pembeni unaonekana mkono wa polisi ukinyooka. Watu walimshauri aukate ule mkono, akakataa katakata.

Siku ya harusi, kabla ya pilau, polisi wanne walimbeba mzee Ergash na kiti chake, ngazi zote, mpaka chini. Bibi harusi mbele na gauni lake jeupe, kamera shingoni. Mzee alipapasa ukuta wake, machozi yanamtiririka, mpaka kidole kikasimama.

— Hiki kimoja nilikipanga kombo. Nikanyamaza maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kukiona.

— Mimi nilikiona, Babu. Ndicho cha kwanza nilichokipiga leo.

Mzee alimtazama mjukuu wake, akacheka na meno yake mawili, akaomba wasimame wote pale, Farruh naye, bega kwa bega na kile kigae. Zebiniso akanipa kamera. Treni ilikuwa inanisubiri niiashirie, abiria wamebandika nyuso vioo vyote. Wallahi niliiacha isubiri.